Ekipe ya wanafunzi iliyokataa feza ikashindwa mechi 51

Jumamosi tarehe 25 Aprili 1914, katika mji wa Melbourne, kusini mwa Australia, shampiona ya mpira ilianza upya. Ekipe zilikuwa kumi. Moja kati yao ilikuwa imemaliza mwaka mzima wa 1913 bila kushinda hata mechi moja, na ni hiyo ya chuo kikuu cha Melbourne, iliyoitwa University tu. Wachezaji wake walikuwa wanafunzi na watu waliopita chuoni, wengine wakijifunza udaktari. Siku ile walivaa tena jezi zao za rangi nyeusi na buluu, wakaingia kiwanjani kama vile hakuna kilichotokea.

Mpira wa huko si ule ambao watoto wa Kivu wanacheza kwa balo ya mifuko na kamba. Balo yao ni ndefu, imechongoka kama yai. Kiwanja ni cha mviringo, kwa sababu wakati wa joto ndicho wanachezea kriketi. Kila upande una watu 18. Mchezaji anaruhusiwa kushika mpira na kukimbia nao, ila njiani lazima audundishe chini. Akitaka kumpa mwenzake, anaupiga teke au anaupiga kwa ngumi, kuutupa hapana. Mwenye kuudaka hewani baada ya teke la mwingine anaachiwa nafasi apige bila kusumbuliwa, ndiyo maana watu wanaruka hata juu ya mabega ya wenzao. Upande wa goli kuna nguzo nne: mpira ukipita kati ya zile mbili za katikati ni pointi 6, ukipita pembeni ni pointi 1. Sheria za kwanza za mchezo huu ziliandikwa hukohuko Melbourne mwaka 1859, miaka minne kabla Waingereza hawajaandika zile za soka.

University iliingia katika shampiona kubwa mwaka 1908, pamoja na Richmond, ekipe ya mtaa wa wafanyakazi wa viwanda. Mtu hakuweza kuichezea University kwa sababu tu anajua mpira. Ilimpasa kwanza awe amefaulu mtihani wa kuingia chuo. Hata hivyo hawakuwa wadhaifu. Mwaka wa kwanza walishinda mechi 8, na mwaka 1910 walishinda 10 kati ya 18. Mwenye kuwadharau wakati ule alijidanganya.

Mambo yaligeuka mwaka 1911. Kwa sheria, mchezaji wa shampiona ile hakupaswa kulipwa, lakini kila mtu alijua kwamba feza zilikuwa zinapita chini ya meza. Basi mwaka ule wakubwa wa shampiona wakaamua kuacha unafiki: klabu inayotaka kulipa wachezaji wake ilipe waziwazi. Ekipe ya wanafunzi ilibaki na msimamo wake. Hailipi mtu, na wachezaji wake hawataki kulipwa. Mwaka huohuo walihamia Melbourne Cricket Ground, kiwanja kikubwa ambacho walikigawana na klabu ya Melbourne. Kiwanja kilikuwa kizuri, matokeo yakawa mabaya. Mwaka 1911 walishinda mechi moja. Mwaka 1912 moja tena, mwanzoni mwa msimu, na hiyo ikawa ya mwisho.

Hapa inafaa kusema jambo moja kwa haki. Ni rahisi kuwasifu vijana wale kwa kukataa feza, lakini mwanafunzi wa udaktari anajua kwamba kesho atakuwa daktari. Kijana wa Richmond au wa Collingwood anayeamka kwenda kiwandani hana kesho ya namna hiyo. Akivunjika mguu Jumamosi, Jumatatu hana kazi na watoto hawali. Shilingi alizopewa kwa ajili ya mpira hazikumfanya mtu mbaya. Wanafunzi walikuwa na uwezo wa kukataa. Si wote walikuwa nao.

Lakini uwezo huo haukuwasaidia uwanjani. Wenzao wakajikaza kwa mazoezi, kwa sababu sasa mpira ni kazi. Wao muda wa mazoezi uliliwa na masomo na zamu za hospitali. Mwenye kipaji akiona feza mahali pengine, alikwenda pengine. Na kila mwaka wengine walimaliza chuo, wakatawanyika kwenda kutafuta maisha.

Aliyebaki na kung'aa ni Roy Park. Alikuwa kijana mfupi, mwanafunzi wa udaktari, mzaliwa wa Ballarat. Mwaka 1913, katika ekipe iliyoshindwa mechi zote 18, yeye peke yake alifunga magoli zaidi ya 50, akawa kati ya wafungaji wakubwa wa shampiona nzima. Wenye kufuata mpira wanajua ugumu wake: mshambuliaji wa ekipe inayoshindwa anasubiri mpira usiofika, na ukifika, unafika na walinzi watatu nyuma yake.

Msimu wa 1914 ukapita hivyohivyo. Ekipe kumi, kila moja ikikutana na nyingine tisa mara mbili, jumla mechi 18. University ilishindwa zote 18. Ukiziunganisha na 18 za mwaka uliotangulia na zile 15 za mwisho za 1912, unapata mechi 51 mfululizo bila ushindi wala sare. Na kila Jumamosi iliyopangwa walifika.

Kabla msimu haujaisha, mwanzoni mwa Agosti, Uingereza iliingia vitani na Ujerumani, na Australia ikaingia pamoja nayo. Vita ni vilevile vilivyofika huku kwetu mwezi uleule. Tarehe 22 Agosti 1914, nayo Jumamosi, meli ya Wajerumani ilivuka ziwa Tanganyika na kuishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, upande wa Lukuga, karibu na mahali panapoitwa leo Kalemie. Wapagazi wa Kongo waliobeba mizigo ya Wabelgiji hadi Tabora mwaka 1916 walikuwa wanabeba vita hivyohivyo vilivyowachukua vijana wa Melbourne. Tofauti ni kwamba vijana wa Melbourne majina yao yameandikwa kwenye mawe, ya wapagazi wengi hayakuandikwa popote.

Tarehe 26 Septemba Carlton iliishinda South Melbourne kwa pointi 6 na kuchukua kombe. Wanafunzi hawakuwemo, bila shaka. Kabla ya msimu wa 1915 kuanza, University ilijiondoa. Chuo kilikuwa kinatoa vijana kwa jeshi, na ekipe haikuweza tena kujaza watu 18. Waliobaki na waliotaka kuendelea wakahimizwa kwenda klabu ya Melbourne, wenzao wa kiwanja kimoja. Roy Park alikwenda huko. Shampiona ikabaki na ekipe tisa, namba isiyogawanyika kwa mbili, hivi kila wiki moja ilikaa nyumbani. Mwaka 1916 zilibaki nne tu.

Tarehe 25 Aprili 1915, mwaka mmoja kamili tangu Jumamosi ile msimu ulipoanza, askari wa Australia walishuka pwani ya Gallipoli, Uturuki. Rupert Balfe, luteni aliyewahi kuvaa jezi ya University, aliuawa siku hiyohiyo ya kwanza. Wengine wa chuo walimfuata katika miaka iliyofuata.

Park alimaliza masomo, akaenda vitani kama daktari, akarudi salama. Mwishoni mwa mwaka 1920 alichaguliwa kuichezea Australia katika kriketi dhidi ya Uingereza, palepale Melbourne Cricket Ground. Mpira wa kwanza aliotupiwa ulimtoa. Inasimuliwa kwamba mke wake alikuwa jukwaani anafuma, uzi ukamwanguka, akainama kuuokota, na alipoinua kichwa mume wake alikuwa tayari anarudi. Hakuitwa tena. Aliendelea na kazi yake ya kutibu watu.

Ekipe ya chuo haikurudi tena katika shampiona kubwa. Katika vitabu vyake imebaki na mechi 126, ushindi 27, sare 2, na 97 za kushindwa. Baada ya vita wanafunzi waliingia katika shampiona ya jiji ya wachezaji wasiolipwa, na kwa kuwa walikuwa wengi tena, waligawa rangi zao: klabu moja ikachukua nyeusi, nyingine buluu. Zote mbili zipo hadi leo. Zinacheza Jumamosi, na hakuna anayelipwa.