Nilimficha baba, msitu ukanifichua

Mimi ni mtoto wa jangili. Ndiyo, umesoma vizuri. Imenichukua miaka mingi kuiandika sentensi hiyo bila kugeuka nyuma kuangalia kama kuna mtu anachungulia.

Nimezaliwa wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, katika kijiji kimoja upande wa Mugumu. Ukitoka nyuma ya nyumba yetu na kutembea kidogo tu, unafika mpaka wa pori la akiba. Sisi ni Waikoma. Wenzangu wa mjini wakisikia neno Serengeti wanawaza watalii, maputo na magari yaliyo wazi juu. Mimi nikilisikia nawaza kimoro, ile nyama ya nyumbu iliyokaushwa, na mama akiichemsha usiku mlango umefungwa ili harufu isiwafikie majirani.

Mwaka 1998, nikiwa darasa la nne, baba alikamatwa ndani ya pori akiwa na mitego ya waya na nyumbu wawili. Alikaa ndani miaka miwili. Mama alilima mashamba ya watu ili sisi tule na tuvae sare za shule. Shuleni niliitwa "mtoto wa nyumbu". Nilijifunza kupigana kabla sijajifunza kuzidisha kwa kumi na mbili.

Baba aliporudi alikuwa amekonda, na hakuingia porini tena. Na mimi nikaapa moyoni: nikitoka kijijini hapa, hakuna atakayejua.

Chuo chenye misitu yake

Mwaka 2008 nikapata nafasi Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, pale Morogoro. Niliomba kusomea misitu, nikijiambia kwamba miti haina kesi. Kumbe nilikuwa najidanganya.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kusikia kwamba chuo kina misitu yake chenyewe. Nikamuuliza jirani yangu darasani, "Ina maana ni mali ya chuo kabisa? Kama mtu anavyomiliki shamba?" Akacheka. Ndiyo, kabisa. Kuna msitu wa mafunzo wa Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, wenye miti ya kupandwa. Kuna Kitulangalo, msitu wa miombo kando ya barabara ya Dar es Salaam, kilomita kama 50 kutoka Morogoro. Na kuna Mazumbai, juu kabisa kwenye milima ya Usambara Magharibi, msitu wa asili wa hekta kama 320.

Daktari ana wodi yake ya kujifunzia, na mwanafunzi wa misitu lazima awe na msitu. Huwezi kumfundisha mtu mti ubaoni. Halafu kuna jambo jingine: mti hauna haraka. Ukitaka kujua unavyokua, inabidi uupime leo, urudi baada ya miaka mitano, urudi tena baada ya kumi, na uukute bado umesimama palepale. Chuo kikiwa na msitu wake, mwalimu anaweza kustaafu na mwanafunzi wake akaendelea kupima mti uleule.

Fildi yangu ya kwanza ilikuwa Kitulangalo. Tulipima viwanja vya duara, kila kimoja mita 15 kutoka katikati hadi ukingoni. Kila mti uliomo unaupima unene kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua. Unaandika, unasonga. Tulihesabu pia visiki, maana pale wachoma mkaa ni majirani na Dar es Salaam inahitaji mkaa kila siku. Wenzangu walikuwa wanawalaani wachoma mkaa. Mimi nilikuwa kimya. Nilikuwa nikitazama kile kisiki nawaza: huyu naye ana mtoto darasa la nne.

Mkurya wangu

Mwaka wa pili nikampata Mkurya wangu. Nitamwita hivyo hivyo, anajijua. Ametokea Tarime, mrefu, anacheka kwa sauti kubwa, na alikuwa anasomea wanyamapori. Tulikutana kwenye foleni ya chakula, akanikatia mstari, nikamfokea kwa lafudhi ya nyumbani. Akageuka na kusema, "Kumbe wa kwetu!" Basi, ndiyo ikawa mwanzo.

Tatizo likaja wiki ya tatu. Tumekaa nje ya bweni ananisimulia habari za kwao. Baba yake alikuwa askari wa wanyamapori, amestaafu. Alifanya kazi miaka mingi upande wa Lamai, kaskazini, ng'ambo ya Mto Mara. Akaanza hadithi za mzee wake alivyokuwa anawakimbiza majangili usiku, wanavyotupa nyama na kukimbia bila viatu. Alikuwa anacheka. Mimi pia nikacheka, tena kwa nguvu kuliko yeye.

"Na mzee wako anafanya kazi gani?"

"Mfanyabiashara wa ng'ombe," nikajibu haraka. "Yuko mnadani pale Mugumu."

Uongo ni rahisi kuusema, dada yangu, kazi iko kwenye kuutunza. Mwaka mzima nilikuwa nalisha ng'ombe wa baba wasiokuwepo. Mara wamepanda bei, mara wameugua. Akisema twende nyumbani likizo, nauli imekosekana. Baba mwenyewe akinipigia simu, natoka nje kabisa ndipo napokea. Hebu fikiria: mzee amenunua vocha kwa pesa ya mtama, halafu binti anamnong'oneza kama mchepuko.

Mzee wa Mazumbai

Mwaka wa tatu, 2010, tukapelekwa Mazumbai. Safari ile sitaisahau: Morogoro, Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, halafu unaanza kupanda, Soni, Bumbuli, na bado unapanda. Unaacha joto bondeni, unafika juu unatafuta sweta.

Msitu ule una historia yake. Ulikuwa wa mlowezi wa Kiswisi aliyeitwa Tanner, mwenye shamba la chai. Wakati misitu mingi ya jirani ikikatwa kupata mashamba na mbao, wa kwake ulibaki. Mwaka 1968 ukakabidhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. SUA ilipozaliwa mwaka 1984 kutoka kwenye chuo hicho, msitu ukawa wa SUA. Ndiyo maana leo mwanafunzi aliyetoka Mugumu anaweza kusimama chini ya mti ambao hata wazee wa babu zake wangeukuta mkubwa. Kuna ukungu, kuna kuvumwani inaning'inia kila tawi, na kuna kimya ambacho kinakufanya ushushe sauti bila kuambiwa.

Aliyetuongoza alikuwa mzee mmoja Msambaa wa vijiji vya pale. Suruali imekunjwa, buti za mpira, panga kiunoni. Mwalimu wetu mwenye shahada zake alikuwa anatembea nyuma ya yule mzee, siyo mbele. Tukifika kwenye mti, mzee anakwangua gome kidogo kwa ncha ya panga, ananusa, anatazama juu, anataja jina kwa Kisambaa. Mwalimu ndipo anatuambia jina la Kilatini tuandike. Alipofika kwenye mkulo alitupa kipande cha gome tukinuse, kina harufu ya kafuri. Sikumwona akikosea hata mara moja.

Wakati wa mapumziko nikamuuliza, "Shikamoo babu. Elimu hii uliipatia wapi?"

"Marahaba mjukuu wangu. Nimemfuata baba yangu tu. Nikikosea jina la mti, nilikuwa nabeba mzigo wake mpaka nyumbani."

Mwalimu akaongeza kwamba watafiti waliokuja pale hawatoki bila macho ya watu kama mzee huyu. Wanafunzi wenzangu wakampigia makofi.

Mimi nilishindwa kupiga makofi. Nilikuwa nimemwona baba yangu. Baba ambaye akishika kinyesi cha nyumbu anakuambia kundi limepita asubuhi au jana. Anayejua upepo wa jioni utageuka saa ngapi. Anayejua mvua ikinyesha wapi, wanyama wataelekea wapi. Elimu ni ileile. Mmoja amepewa msitu wenye mlango, na wakiingia naye wanabeba madaftari. Mwingine mlango wake ulikuwa usiku, na waya.

Msomaji, usidhani namtetea. Waya hauchagui. Unamshika nyumbu mwenye mimba, unamshika simba ambaye hakutafutwa, na mwenye mtego asiporudi kwa wakati, mnyama anaozea palepale. Baba alivunja sheria na akatumikia adhabu. Lakini yeye alishamaliza kifungo chake mwaka 2000. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwongezea miaka.

Jioni ile nikapanda mpaka kwenye chai kutafuta mtandao. Simu ikashika kijiti kimoja. Nikaandika: "Baba yangu hana ng'ombe mnadani. Alifungwa kwa kuua nyumbu. Nimekudanganya mwaka mzima. Kama unaniacha niache leo." Nikabonyeza. Kijiti kikapotea.

Siku mbili sikupata jibu. Nilipima miti nalia, wenzangu wakadhani ni baridi. Siku ya tatu nikapanda tena, simu ikalia. Ameandika maneno machache tu: "Kilichoniuma ni mwaka mzima wa ng'ombe. Nipeleke nimwone mzee."

Wazee wawili

Alikuja kumwona baba, wakaelewana. Lakini mtihani wenyewe ulikuwa Julai 2011, ukoo wake ulipokuja kujitambulisha. Walitoka Tarime kwa gari la kukodi, wakavuka Mto Mara, na kiongozi wa msafara alikuwa yule askari mstaafu. Mkurya wangu alikuwa amemweleza kila kitu. Mama alipika huku mikono inatetemeka. Ulikuwa msimu wa nyumbu, lakini siku ile tulichinja mbuzi, tena hadharani.

Salamu zikaisha. Kimya. Baba mkwe akakohoa.

"Mzee mwenzangu, nasikia uliwahi kuwa mgeni wetu."

"Niliwahi," baba akajibu. "Nyie mliingia porini kwa barua ya kazi. Mimi niliingia kwa njaa."

Nilitamani ardhi inimeze. Yule mzee akatazama chini muda mrefu, kisha akauliza, "Ulikuwa unapita wapi?"

Baba akaokota kijiti, akachora mto mchangani. Baba mkwe akasogeza kiti. Mpaka giza linaingia walikuwa bado wanabishana kuhusu vivuko na upepo. Mambo ya mahari ilibidi wajomba wayakumbushe!

Ndipo nikawaambia jambo nililolisoma chuoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walishapita milioni moja. Watafiti waliowahesabu mwaka hadi mwaka wakagundua sababu kubwa: sotoka ilikuwa imeisha kwa nyumbu, kwa sababu ng'ombe wa vijijini kuzunguka hifadhi walichanjwa. Na mwaka uleule tuliokuwa tumekaa pale, 2011, dunia nzima ilitangazwa kuwa haina tena sotoka.

Baba alifikiri. "Kwa hiyo ng'ombe zetu zilipochomwa sindano, nyumbu wakapona?"

"Ndiyo, baba."

"Basi hata sisi tumewalinda."

Baba mkwe akampa mkono.

Neno langu kwako

Ng'ombe wa mahari walifika, safari hii wa kweli. Tuna watoto watatu sasa. Likizo wanakwenda kwa babu yao, anawafundisha nyayo za wanyama, wanazichora kwenye madaftari.

Dada, kaka, unayemficha mzazi kwa sababu ya kazi yake, kosa lake au kandambili zake: mwambie mwenzako mapema. Anayekupenda atakasirikia uongo wako kabla ya kumkasirikia mzazi wako. Akimkasirikia mzazi, umeokoa ng'ombe.

Majuzi baba aliniuliza kama Mara nasi tutakuwa na msitu wa chuo. Nikamwambia pale Butiama kuna chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere, na mimi naomba siku moja kiwe na msitu wake.

"Wakiupata waniite," akasema. "Nitaenda kuwaonyesha. Nitabeba panga tu, waya siubebi."