Bati na Zinki

Msomaji mwema, ukiifuata njia itokayo Eldoret kwenda Kitale utafika kwetu Soy, ambako mapaa mengi hung'aa juani. Twayaita mabati, lakini jina hilo ni la kuazima, kwani mengi ni chuma kilichopakwa zinki. Bati la kweli ni madini mengine kabisa. Ni jeupe kama fedha, tena laini. Kipande chake kikikunjwa hutoa mlio kama wa malalamiko. Huchimbwa Kyerwa katika Tanzania na Bisie katika Kongo. Chuma hustahimili moto mpaka digrii 1,538, hali bati huyeyuka kwa digrii 232 tu. Kwa hiyo ni jepesi kupakwa ndani ya mikebe. Likichanganywa na risasi huwa lehemu, ambayo huanza kuyeyuka kwa digrii 183.

Habari ya lehemu niliijua kwa aibu. Utotoni mwangu tulikuwa na debe la kuchemshia maji ya kuoga, ambalo tundu lake lilizibwa kwa lehemu. Siku moja niliambiwa nilitunze motoni, nikaenda kucheza. Maji yalipokuwamo, lehemu ilikuwa salama, kwani maji yachemkayo hayapiti digrii 100. Yalipokauka, joto lilipanda, na lehemu ikadondoka majivuni kama machozi ya fedha. Baba alipouliza, nilinyamaza. Mdogo wangu aliadhibiwa kwa kosa langu. Alijua kweli, wala hakunitaja.

Miaka ikapita. Darasani nikafundishwa kwamba bati hukinga chuma maadamu halijakwaruzwa. Likikwaruzwa, chuma huliwa na kutu upesi kuliko kisichopakwa kitu, na bati hubaki likimeremeta kando yake. Zinki sivyo. Hata ikikwaruzwa, hukubali kuliwa yenyewe ili chuma kisalimike.

Niliinamisha kichwa. Likizo ilipofika nilimweleza baba yote mbele ya mdogo wangu. Baba alicheka, maana alikwisha kusahau. Mdogo wangu hakucheka. Hakuwa amesahau hata kidogo. Alinipa mkono, nami nikaupokea kwa haya.

Basi, msomaji, uonapo mkebe unaong'aa, usiusifu kwa mng'ao wake. Ngoja ukwaruzwe, ndipo utakapojua ni nani anayeumia.