Kushoto Ni Kwangu

Naomba tuelewane tangu mwanzo: mimi si mtu wa magari. Ukiniuliza naendesha gari aina gani, nitakutajia rangi. Lakini ukikulia Bagamoyo, kwenye nyumba yenye gereji uani, na baba yako akawa fundi anayezitaja mbio za magari kama wengine wanavyotaja Simba na Yanga, zitakuingia tu, upende usipende.

Mwezi huu nilipanga kuandika mambo mengine kabisa. Ila kuna jambo limetokea nyumbani kwangu, na kila nikilifikiria najikuta nimerudi kule kwenye vumbi la gereji ya mzee. Basi vumilia kidogo msomaji wangu, nianzie huko.

Mzee na Pijo yake

Baba alizaliwa mwaka 1956. Utotoni mwake, tamasha kubwa la mwaka halikuwa muziki wala mpira. Lilikuwa Safari Rally. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na zilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Hakukuwa na uwanja maalumu. Magari yalipita barabara zile zile za mabasi, baiskeli na ng'ombe, tena wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamekolea na udongo umegeuka uji. Mwaka 1963 na mwaka 1968 yalimaliza magari saba tu. Saba!

Mzee anasema uzuri wa enzi zile ni kwamba magari yalikuwa ya watu. Mwanzoni hata madaraja ya mashindano yalipangwa kwa bei ya gari dukani, kwa hiyo mwenye Volkswagen ya mgongo wa kobe naye alikuwa na nafasi yake. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda akiwa na mdogo wake Jaswant, wakiendesha Volvo iliyokwisha kutumika kwenye mashindano ya nyuma. Yaani mtumba!

Lakini shujaa wa baba alikuwa Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania. Yeye na msoma ramani wake, Chris Rothwell, walichukua ushindi mwaka 1966 na tena mwaka 1967, miaka yote miwili na Peugeot 404. Baba anasimulia alivyosimama kando ya barabara ya Morogoro, mtoto wa miaka kumi na kitu, akisubiri saa nzima ili aone gari kwa sekunde tatu. Likapita, akabaki na matope usoni na furaha isiyo na kipimo. Alipokua akajinunulia Pijo 404 yake, pikapu, kuukuu, na mpaka leo hajawahi kuisema vibaya.

Baadaye mambo yalibadilika. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa na pointi sawa kabisa za adhabu, ushindi akapewa Mehta. Kuanzia mwaka 1974 Safari ikawa ya ndani ya Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Mzee akabaki kusikiliza redioni. Na alipochoka kusikiliza, akaanzisha mbio zake mwenyewe.

Raundi ya usiku

Mbio za baba zilikuwa za vigari vya beringi. Kama umekulia uswahilini unavijua: ubao mmoja, magurudumu ya beringi kuukuu zilizotupwa na mafundi, na kamba ya kukatia kona. Bagamoyo ni mchanga mtupu, beringi zinazama. Lakini nyuma ya gereji kulikuwa na kiwanja ambacho udongo wake ulishindiliwa miaka na miaka na matairi na oili chafu, ukawa mgumu kama sakafu. Pale ndipo palipokuwa Safari Rally yetu, kila Idi pili, mwishoni mwa miaka ya tisini. Njia ilianzia mlangoni, ikazunguka mwembe, ikapita kwenye lundo la matairi, ikarudi. Zawadi ilikuwa soda moja ya kugawana wawili.

Wawili, kwa sababu baba hakukubali mtu ashindane peke yake. Mmoja anaendesha, mwingine anasukuma kisha anarukia nyuma. Mimi nilikuwa msukumaji wa kaka yangu, na nilikuwa na mbio ile mbaya.

Raundi ya mwisho baba aliiita raundi ya usiku. Dereva anafungwa kitambaa machoni, msukumaji anamwelekeza kwa mdomo. Hapo ndipo watu walipokuwa wanavunjika mbavu kwa kucheka. Vigari viliparamia matairi, vingine viliingia kwa kuku. Nakumbuka tulishindwa mwaka wa kwanza kwa sababu nilipiga kelele "Mti!" tukiwa tumeshaugonga. Kaka alinitukana mbele ya watu. Baba hakunigombeza. Aliniinamia akasema, "Mwanangu, ukisema baada ya kugonga, umesaidia nini? Sema kabla."

Mwaka uliofuata nilisema kabla. Tukanywa soda.

Mama alivyokuwa akisoma barabara

Kipindi hicho barabara ya kutoka Bagamoyo kwenda Dar ilikuwa ya vumbi. Lami ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000. Leo vijana wanakwenda kula samaki Bagamoyo na kurudi Mwenge jioni ile ile. Sisi tulikuwa tunaaga kama tunakwenda nchi nyingine. Masika ukikwama, umekwama.

Tulipanda Pijo, watoto nyuma kwenye bodi, mama mbele kushoto kwa baba. Na mama alikuwa anaongea safari nzima. "Shimo kushoto. Baiskeli. Mchanga huo, punguza. Mbuzi wawili, wa pili bado hajavuka." Zinga, Kerege, Mapinga, mpaka Bunju, hanyamazi. Jioni ndiyo kabisa, sauti yake haikatiki.

Nilipokuwa msichana nilikuwa naona aibu. Nikajisemea mimi nikiolewa sitamfanyia hivyo mume wangu. Mwanamume anaendesha, wewe tulia, ongea mambo ya maana. Nilimwona mama kama mwanamke asiyemwamini mumewe hata kidogo.

Mama alifariki mwaka 2019. Tangu hapo baba haendeshi tena usiku. Tulidhani ni majonzi.

Simu ya ofisini

Sasa nije nyumbani kwangu. Nina miaka 36, mume, watoto wawili, na nyumba ya kupanga. Mume wangu alikuwa na kazi nzuri kwenye kampuni ambayo sitaitaja. Kila asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi, akanibusu, akaondoka. Siku moja simu yake haikupatikana na mtoto alikuwa na homa, nikapiga ofisini. Dada wa mapokezi akaniambia kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mwenzake, "Samahani dada, huyo aliondoka kazini tangu mwezi wa tatu."

Ilikuwa mwezi wa tano.

Miezi miwili. Alikuwa anakwenda kukaa kwa rafiki yake, anatuma maombi ya kazi, jioni anarudi kunisimulia habari za bosi ambaye si bosi wake tena. Sikuumia kwa sababu ya kazi. Kazi zinapotea, watu wanatafuta nyingine. Niliumia nikikumbuka zile hadithi za bosi, na mimi nacheka.

Nilifanya wanachofanya wengi. Nilibeba watoto na begi moja, nikaenda kwa baba.

Jicho

Nilimkuta mzee uani anaangalia mbio kwenye simu ya mjukuu wake. Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu mwaka 2002, na sasa mambo yote ni Naivasha. Baba anaangalia huku akilalamika kwamba siku hizi njia ni fupi na magari yanalala hotelini. Kinachomfurahisha zaidi ni ile Safari ya magari ya zamani iliyoanza mwaka 2003, ambayo miaka kadhaa imevuka mpaka hapa kwetu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mbona begi?"

Nikamwaga yote. Nikalia. Nikamaliza kwa swali ambalo nadhani kila aliyewahi kufichwa jambo amewahi kuuliza: mtu anayekupenda anawezaje kukaa na wewe meza moja na kukudanganya siku sitini?

Baba alizima simu. Akakaa kimya, halafu akafunika jicho lake la kulia kwa kiganja.

"Hapo sikuoni," akasema.

Nikadhani anatania.

"Kipande cha chuma kiliniingia kwenye jicho la kushoto nikiwa mwanagenzi gereji. Mchana naona kama moshi. Jioni, hakuna kitu. Nilimwoa mama yako bila kumwambia. Niliogopa. Fundi wa magari asiyeweza kuendesha, nani atampa binti yake?"

Halafu akanisimulia. Mimi nikiwa bado tumboni, walikuwa wanakwenda Dar jioni. Baina ya Zinga na Kerege alimkosa kidogo sana mtu aliyekuwa na baiskeli ya mkaa, upande wa kushoto. Yule bwana alijirusha kichakani, magunia yakapasuka. Mama hakupiga kelele. Alishuka na tumbo lake, akasaidia kuokota mkaa mpaka ukaisha, akarudi garini na mikono myeusi.

"Akaniuliza, 'Jicho hilo halioni, siyo?' Nikasema ndiyo. 'Tangu lini?' Nikasema tangu kabla sijakuoa. Tukaenda kimya mpaka Mapinga. Nikajua kesho anarudi kwao. Pale Mapinga akasema, 'Haya. Kuanzia leo kushoto ni kwangu.'"

Basi. Ile sauti niliyoionea aibu miaka yote haikuwa ya mwanamke asiyemwamini mumewe. Ilikuwa jicho la kushoto la baba yangu. Na raundi ya usiku, tuliyokuwa tunaicheka, ilikuwa maisha yao wenyewe.

"Sasa baba, kwani mama hakuwahi kukwambia, 'si ungeniambia mapema'?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mama yako? Alininunia wiki nzima! Lakini ndani ya gari, hapana. Ndani ya gari alisema kilichoko mbele tu."

Kabla ya kona

Usiku ule sikulala. Kwenye mbio, msoma ramani anasoma kona ambayo gari bado halijaifikia. Akichelewa, maneno yake hayana kazi tena hata kama ni ya kweli. Lakini pia hawezi kusoma njia ambayo dereva amemficha. Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari mara tano, kuna mashindano aliyokwenda na mkewe Yvonne kama msoma ramani wake. Hebu fikiria ndoa hiyo kama mmoja angekuwa anaficha kurasa.

Nikajiuliza swali gumu zaidi. Mume wangu alijifunza wapi kunificha? Miaka miwili nyuma mradi wake wa kuku ulikufa, na alikuja kuniambia siku hiyo hiyo. Nikamjibu, "Si nilikwambia?" Nikalirudia neno hilo mwaka mzima, hata mbele ya ndugu zake. Nilikuwa yule mtoto anayepiga kelele "Mti!" mti ukiwa umeshagongwa.

Sisemi kosa ni langu. Uongo wa miezi miwili ni uongo, na nilimwambia hivyo kwa sauti ambayo majirani wa baba wataikumbuka. Wala siwashauri wanawake wavumilie kila kitu kwa jina la ndoa. Nasema tu kwamba kwetu shimo lilichimbwa na watu wawili.

Alitufuata Jumapili. Alikaa na baba uani muda mrefu. Walichozungumza sijui, na sikuuliza. Jioni tuliondoka, watoto wamelala nyuma, lami nyeusi mbele yetu, mimi kushoto. Tulipita Zinga. Tulipita Kerege. Karibu na Mapinga akasema, macho yako barabarani, "Ada ya muhula ujao hatuna."

Neno lile la zamani lilinifika mdomoni. Nikalimeza, na halikumezeka kirahisi.

"Nimesikia," nikasema. "Kuna nini kingine mbele?"

Akapunguza mwendo. Akaanza kunieleza habari za mkopo.

Hatujafika, msomaji wangu. Ada tumelipa nusu, mkopo bado, na kuna siku bado namnunia. Lakini sasa najua mashimo yako wapi. Na wewe je, kushoto kwako amekaa nani, na umeshamwambia ni jicho gani halioni?