Bahari ipo mkoani kwao: Kwa nini familia za Handeni na Korogwe zishuke pwani likizo hii

Kwa mkazi wa Handeni au Korogwe, safari ya Tanga mjini mara nyingi huanzia kwenye karatasi ya rufaa. Mgonjwa anapelekwa Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, na ndugu anayemuuguza anatoka nje kutafuta uji au kupunga upepo. Hapo ndipo anapoiona bahari. Anaitazama dakika mbili tatu, kisha anarudi wodini. Siku mgonjwa akiruhusiwa, wote wanapanda basi kurudi nyumbani, na watoto walioachwa kwa bibi wanasimuliwa tu kwamba yale maji hayana ng'ambo.

Kukutana na bahari kwa namna hiyo kunasikitisha, hasa ukikumbuka kwamba wapo watu wanaokata tiketi ya ndege kuifuata. Wageni kutoka Ulaya huikimbia baridi ya kwao wakaja Zanzibar na Pangani kulala mchangani. Kwao Tanzania ndiyo ile nchi ya pwani yenye jua inayosifiwa kwenye matangazo ya likizo.

Mtoto wa Handeni jua analo, pengine kuliko anavyotaka. Linampiga akienda shule na linampiga akirudi na ndoo kichwani. Hoja ya mgeni haimfai huyu. Mzazi wa hapa ana sababu zake nyingine za kufunga safari, na ana tahadhari zake pia, kwa sababu mtoto aliyekulia bara haijui bahari.

Kwanza umbali. Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65 za lami. Kutoka Korogwe gari linashuka Segera, linaiacha barabara ya Chalinze na kushika ile ya Muheza, na kutoka hapo Segera hadi Tanga ni kama kilomita 70 tu, nyingi zikipita kwenye minazi na machungwa. Anayetoka Korogwe alfajiri anaweza kuwa Raskazone kabla chai haijapoa kwenye chupa. Wa Handeni atachelewa kidogo, lakini mchana hautamkuta njiani.

Halafu kuna mto. Mto Pangani, ambao wenyeji wengi huuita Ruvu, unakusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, unapita Bwawa la Nyumba ya Mungu, unafika Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls, kisha unaingia baharini katika mji wa Pangani. Maji ya mradi wa HTM, yanayosukumwa kwenda Handeni tangu miaka ya 1970, huchotwa kwenye mto huohuo upande wa Korogwe. Na mradi mpya wa maji wa miji 28, unaojengwa kwa mkopo wa India, umezihusisha Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani kwa pamoja. Mtoto aliyezoea kuhesabiwa maji kwa dumu akipelekwa mahali mto unapoishia, atakuwa anayafuata maji yaleyale anayoyanywa nyumbani. Hilo ni somo la jiografia ambalo ubaoni halielezeki vizuri.

Mwili nao unafaidika. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Mtoto wa kijijini Handeni huzipata bila kuambiwa. Wa mjini Korogwe, anayeshinda sebuleni na simu ya mama, ndiye wa kutiliwa shaka, na yeye ufukweni hahitaji kusukumwa: atakimbizana na kaa mpaka usingizi umchukue kabla ya chakula cha usiku. Tafiti zilizofanyika China zimeonesha pia kwamba watoto wanaokaa nje muda mrefu mchana hupunguziwa uwezekano wa kupata tatizo la kutoona vitu vya mbali.

Faida kubwa zaidi, hata hivyo, haipimwi kwa mashine. Nyumbani baba yupo shambani au dukani, mama yupo jikoni, na mazungumzo na mtoto huishia kwenye "umeoga?" na "daftari liko wapi?". Ufukweni hakuna cha kupalilia. Mzazi analazimika kukaa na mtoto wake siku nzima akimwangalia, na akimwangalia hivyo kuna mambo atayasikia ambayo mtoto hakuwahi kupata nafasi ya kuyasema.

Tanga mjini panatosha kwa siku mbili. Kuna fukwe za kuogelea Raskazone, kuna mitaa ya Ngamiani inayoitwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili, na kuendelea, kiasi kwamba mtoto wa darasa la pili anaweza kuongoza njia. Mapango ya Amboni yapo kilomita kama 8 kaskazini ya mji. Viatu vya kufunika vidole vinahitajika, na tochi. Mwenye nafasi ya siku ya tatu aelekee Pangani, kilomita kama 50 kusini, na njiani asiyapite magofu ya Tongoni yenye msikiti na makaburi ya karne nyingi zilizopita.

Pangani yenyewe ina historia inayowahusu Wazigua wa Handeni kwa karibu. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliwasukuma wengi kushuka pwani kutafuta chakula, na wengi wao waliishia kuuzwa utumwani Somalia. Vizazi vyao vilikaa huko zaidi ya miaka 150 bila kukiacha Kizigua. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi walikimbia na kurudi Tanzania, wakapewa makazi Chogo, hapohapo Handeni. Mzazi anayetembea na mtoto wake kando ya mto Pangani, kwenye majengo ya zamani yanayoanza kubomoka, ana jambo la kumsimulia kuliko kununua tu kashata na kupiga picha. Mji huo ndiko pia Wajerumani walikomnyonga Abushiri bin Salim, Desemba 15, 1889.

Maji hayana mazoea

Hapa ndipo mzazi wa bara anapotakiwa kutulia. Kwa takwimu za WHO, watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kuzama hakuna kelele kama zile za kwenye filamu. Mtoto hapigi mayowe wala hapungi mkono, kwa sababu kinywa kipo majini. Anazama kimya, ndani ya dakika chache, wakati baba anajibu ujumbe kwenye simu.

Kanuni ni nyepesi kuisema na ngumu kuitunza: mtoto asiyejua kuogelea awe karibu kiasi cha mkono wa mtu mzima kumfikia, na mtu mzima huyo ajulikane kwa jina. Watu wazima sita wanapokaa mkekani, kila mmoja akidhani mwenzake anaangalia, watoto hawana mwangalizi. Wapokezane kwa zamu za nusu saa, na aliye zamu asiwe na simu wala kinywaji cha kulevya. Tairi na maputo ya kuelea si kinga, upepo huyabeba. Anayepanda mashua au ngalawa avae jaketi okozi linalomtosha, na kama hakuna la mtoto, mtoto abaki nchi kavu hata akilia.

Jambo ambalo wageni wa pwani hawalijui ni kupwa na kujaa. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa kama dakika 50. Kwa hiyo pale walipocheza jana saa nne maji yakiwa kifundoni, kesho kutwa saa hiyohiyo si lazima pawe vile. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hutoka mbali sana na hurudi kwa nguvu. Familia iliyotembea mbali kwenye mchanga mtupu ikiokota makombe inaweza kugeuka na kukuta maji yameshaizunguka kwa nyuma. Dawa yake ni kumuuliza mvuvi. Saa za maji anazo kichwani na atazitaja bure.

Mdomo wa mto Pangani si mahali pa kuogelea kabisa. Mkondo ni mkali na mto una mamba. Maji baridi ya mito na mabwawa, tofauti na ya bahari, ndiyo pia yenye konokono wanaoeneza kichocho.

Ikitokea mtoto ameopolewa na hapumui, asining'inizwe miguu juu wala kukamuliwa tumbo, ingawa ndivyo wengi walivyoona ikifanyika. Alazwe chali, apuliziwe pumzi tano mdomo kwa mdomo, kisha kifua kibonyezwe mara 30 na pumzi mbili, bila kuacha, huku mwingine akipiga 114 ya Zimamoto na Uokoaji au akitafuta gari. Aliyezinduka naye apelekwe hospitali, kwa sababu maji yaliyoingia kwenye mapafu huweza kumletea shida saa kadhaa baadaye.

Sahani na ngozi

Samaki wa Tanga ni sababu tosha ya safari, na mama atakayekwenda mwenyewe soko la Deep Sea asubuhi atapata wabichi kwa bei ya kupatana. Vitu viwili visiguswe. Cha kwanza ni bunju, yule samaki anayejivimbisha kama mpira. Sumu yake haiishi kwa kupikwa. Cha pili ni nyama ya kasa. Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Nyama hiyo ilikuwa ya kukaribishana, ikaliwa kwa furaha. Kasa analindwa na sheria, lakini hata asingelindwa, hapaswi kumwekea mtu sahanini.

Dafu ni kinywaji kizuri kwa mtoto mwenye kiu. Akianza kuharisha, hata hivyo, dawa ni ORS na vidonge vya zinki, vyote viwe tayari begini kabla ya kutoka nyumbani.

Jua la ufukweni ni kali kuliko la shambani kwa sababu mchanga na maji hulirudisha juu. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni watoto wakae kivulini. Mwenye ualbino anahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta maalumu kama Kilisun, yanayotengenezwa Moshi. Mtoto mwenye selimundu anaweza kwenda kama wenzake, ila anywe maji mara kwa mara na atolewe majini akianza kutetemeka, kwa sababu baridi na upungufu wa maji mwilini huamsha maumivu. Mwenye kifafa asiingie majini bila mtu mzima kumshika, na dawa zake zisikatwe kwa sababu ya likizo.

Wakati na fedha

Likizo ya Juni huangukia kwenye kusi, upepo unaochafua bahari, ingawa ndani ya ghuba ya Tanga huwa pametulia zaidi. Desemba ni kaskazi na joto. Mwenye uwezo wa kuchagua angechukua maleleji, kipindi cha utulivu katikati ya pepo hizo mbili, lakini kalenda ya shule haikupangwa na wavuvi.

Kuhusu fedha, hakuna anayelazimika kulala hoteli ya wageni wa kigeni. Familia nyingi za Korogwe na Handeni zina shangazi au binamu Makorora, Chumbageni au Ngamiani, na ndugu huyo akipelekewa debe la mahindi na kuku wawili atafurahi zaidi kuliko kupelekewa maua. Asiye na ndugu atapata nyumba za kawaida za kulala wageni. Wakazi wa Korogwe wanaweza hata kwenda na kurudi siku moja, wakiwa na chakula chao.

Chandarua kiende nao, hata kwa shangazi, kwa kuwa vyake vinawatosha wa kwake tu. Korogwe inaijua malaria vizuri: ilikuwa moja ya vituo 11 barani Afrika vilivyoshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya RTS,S, ambayo WHO iliipendekeza Oktoba 2021. Vimelea huchukua kama wiki moja hadi mbili kabla ya kuleta homa. Mtoto akichemka siku kumi baada ya kurudi, wakati mchanga umeshakung'utwa kwenye nguo na shule imefunguliwa, apelekwe akapimwe siku hiyohiyo, na mhudumu aambiwe alilala wapi.