Mama Atalala Wapi?



Leo naandika kwa uzito kidogo, kwa sababu ndani ya maneno haya kuna kosa langu mwenyewe. Someni mpaka mwisho, inshaallah.

Miaka 9 iliyopita mwanetu alilazwa kwa nimonia. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na tulikaa hospitalini siku 11. Madaktari na manesi walijitahidi, Allah awalipe. Lakini wodi ile ilijengwa kana kwamba mtoto huja hospitali peke yake. Mke wangu alilala sakafuni, khanga moja chini, nyingine juu. Mimi nilikuwa nje ya geti. Saa za kuona wagonjwa zikiisha, baba unakaa chini ya mwarobaini na chupa yako ya chai, unasubiri kuche.

Kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja kutoka kijiji cha mbali, na kichanga chake. Nyumbani kaacha wengine watatu kwa jirani. Mjini hana ndugu, hana wa kumletea chakula. Mke wangu akawa anamgawia tulichopika. Siku ya tano, alfajiri, kitanda kile kikakutwa kitupu. Kambeba mwanawe, kaondoka kabla dawa hazijaisha.

Mke wangu aliponieleza, nilisema neno ambalo leo naona aibu kuliandika: "Hana subira." Na sikuishia hapo. Ijumaa iliyofuata nilimtaja mimbarini, bila jina, kama mfano wa watu wasiovumilia mtihani wa Mola wao. Waumini wakatikisa vichwa. Astaghfirullah.

Mwezi uliopita kamati ya wakfu hapa mjini iliniita niombe dua kwenye kikao cha kupitia ramani ya hospitali mpya ya watoto. Mhandisi akaitandaza mezani: vitanda 60, mapokezi ya marumaru, ubao mkubwa wa majina ya waliochangia. Tukasema mashaallah. Kisha bibi mmoja, mkunga mstaafu, akauliza: "Mama atalala wapi?"

Kimya. Mhandisi akatafuta kwenye karatasi. Hapakuwepo.

Papo hapo nikamkumbuka yule mama, na khutba yangu.

Ndugu zangu, Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiingia kwenye swala akinuia kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia, anaifupisha, kwa kuwa anajua uchungu unaompata mama yake. Fikiria. Swala ya jamaa, maswahaba wamesimama nyuma yake, inafupishwa kwa ajili ya moyo wa mama mmoja. Hakumtaka avumilie. Sisi ni nani tushindwe kusogeza ukuta kwenye ramani?

Na Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa siku za Handaki, Mtume (s.a.w.) alimpigia hema msikitini ili apate kumtembelea kwa karibu. Mgonjwa aliwekwa jirani na wanaompenda.

Wataalamu nao wamefika hapo kwa njia yao. Uingereza zilikuwepo hospitali zilizowaruhusu wazazi kuona watoto wao kwa saa chache tu, mpaka ripoti ya serikali ya mwaka 1959 ikapendekeza milango ifunguliwe. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba mtoto njiti awekwe kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa. Yaani mama si mgeni wodini, ni sehemu ya matibabu. Na hapo kwa jirani zetu Entebbe, Uganda, hospitali ya upasuaji wa watoto iliyofunguliwa mwaka 2021 ina vitanda 72, kuta za udongo wa palepale, bustani, na nyumba ya kufikia familia zinazotoka mbali. Kumbe inawezekana.

Bibi akawa anataja, mimi naandika:

1. Kitanda cha kukunja cha mama, kando ya kila kitanda cha mtoto.
2. Jiko la pamoja, mahali pa kufulia na kamba za kuanikia.
3. Choo na bafu la wazazi jirani na wodi, mama asikae mbali na mtoto.
4. Banda la akina baba, na ruhusa ya baba kuingia usiku kwa zamu.
5. Chumba tulivu cha kupewa habari nzito, si kwenye ujia mbele za watu.
6. Mahali pa heshima pa kumwoshea mtoto ambaye Allah amemchukua.

La sita liliwatoa wazee machozi.

Mhandisi akapiga hesabu: vitanda vitashuka hadi 48. Hapo mjadala ukawaka. Mzee mmoja akasema, na hoja yake ina uzito: "Hao watoto 12 mtawaambia nini?" Sikuwa na jibu jepesi. Nikasimulia habari ya yule mama, safari hii nikaisimulia sawasawa. Nikasema, kitanda kinachokimbiwa kwa sababu mama ana njaa, tusikihesabu.

Tukakubaliana: marumaru iondoke, ubao wa majina uondoke, eneo lake liingizwe wodini, vitanda viwe 54. Mchangiaji mmoja amejitoa kwa sababu ya ule ubao. Pengo lake bado halijazibwa. Allah atufungulie.

Ndugu yangu, huenda usijenge hospitali maisha yako yote. Lakini ukienda kumtazama mgonjwa wako wiki hii, funga sahani mbili. Muulize mama wa kitanda cha pili amekula nini, na nyumbani kaacha nani. Na kabla hujamwambia mtu asubiri, angalia kwanza kama ana pa kulala.

Na wewe mama, popote ulipo, nisamehe. Nilisema huna subira, kumbe hukuwa na godoro wala chakula.

Ya Allah, waponye watoto wetu wagonjwa, wape nguvu mama zao na baba zao, na utusamehe ndimi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.