Motokaa Inenayo

Kila asubuhi, niwashapo motokaa yangu, sauti ya mwanamke hunisemesha kwa Kijapani. Ni sauti laini, yenye adabu nyingi, na kwa muda wa miaka minne nilidhani kuwa yanitakia safari njema. Nami nilikuwa nikiitikia, maana salamu haikataliwi kwa sababu ya lugha. Hata siku moja nikampakia kijana aliyepata kusoma Japani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akanieleza ya kuwa bibi yule hakuwa akinisalimu. Alikuwa akinikumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara za kwao haijachomekwa mahali pake. Kwa miaka minne nimedaiwa kadi ambayo sikupata kuwa nayo, kwa ajili ya barabara ambazo yamkini sitazipita maishani mwangu.

Nataka kulipima katika kurasa hizi swali ambalo vijana wangu wamelitia nyumbani, nalo halitaki kutoka. Je, huduma za ulinzi na msaada zinazofungwa ndani ya motokaa na kuunganishwa na mtandao wa simu zina thamani ya fedha zinazodaiwa? Nilipoulizwa mara ya kwanza nilijibu upesi kwamba hazina. Jibu la upesi aghalabu ni jibu la mtu ambaye hayajamfika.

Nyumba yangu iko Kigamboni, na kazi zangu chache za uzeeni ziko mjini. Kwa hiyo mara nne au tano kwa juma huvuka kwa pantoni kutoka Magogoni, mahali ambapo kila mtu hupaita Feri. Foleni ya pale ni ndefu, na mwenye subira huweza kujifunza mengi. Huku harufu ya pweza na samaki wa kukaanga ikitoka sokoni, huku wachuuzi wa maji na karanga wakipita baina ya magari, mimi huzitazama motokaa za wenzangu. Nyingi zimezaliwa Japani na kuishi huko ujana wao wote kabla ya kuja kuzeekea kwetu. Juu ya vioo vya pembeni na taa zake zimechorwa namba za usajili kwa ncha ya chuma, ili mwizi wa usiku aone tabu kuviuza Gerezani. Huo ndio ulinzi tulioubuni wenyewe. Haudai ada ya mwaka wala haukatiki mvua inyeshapo. Lakini darini mwa baadhi ya motokaa hizo, karibu na taa ndogo, mna kitufe chenye kifuniko na herufi tatu za kuomba msaada. Yangu inacho pia.

Kitufe kile kina nasaba yake. Huko Marekani kampuni ya General Motors ilianzisha huduma iitwayo OnStar mwaka 1996: motokaa ikigongana na kitu, yenyewe hupiga simu, na mtu aliye mbali huuliza kama dereva yu hai. Toyota nayo ilileta G-BOOK mwaka 2002. Ulaya walikwenda mbele zaidi wakaifanya kuwa sheria: tangu tarehe 31 Machi 2018 kila aina mpya ya motokaa lazima iweze kuita namba 112 pasipo mkono wa mtu, na kutaja mahali ilipo. Tume ya Ulaya ilikadiria kuwa kwa njia hiyo msaada hufika mapema kwa asilimia 40 mijini na kwa asilimia 50 mashambani. Sina sababu ya kuyadharau makadirio hayo. Mtu anayevuja damu hahesabu asilimia, huhesabu dakika.

Walakini mashine za namna hii hufa kifo cha ajabu. Motokaa yaweza kuwa nzima, injini ikanguruma kama siku ya kwanza, na huku mlinzi wake amekwisha kufa. Mwaka 2022 makampuni ya simu ya Marekani yalipozima mitandao ya kizazi cha tatu, motokaa nyingi zilizokuwa barabarani zilipoteza uwezo wa kuita msaada, na wenyewe hawakuwa wametenda kosa lolote. Mwaka uo huo G-BOOK ikafungwa huko Japani. Na motokaa iliyopakiwa melini kuja Dar es Salaam ilikwisha kufiwa na mlinzi wake siku ilipoiacha bandari ya kwao. Kitufe changu ni kaburi lenye taa.

Nilijua hayo yote usiku ule wa masika. Nilikuwa nimetoka Kariakoo kwenye kikao cha harusi. Foleni ya Feri ilikuwa imefika mbali, nami kwa uchovu nikaamua kuzunguka kwa Daraja la Nyerere pale Kurasini. Nikavuka salama, nikaipita Kibada, na mbele kidogo maji yakawa yameifunika barabara. Sikumbuki vema yaliyofuata. Nakumbuka kishindo, na motokaa kulala ubavu ndani ya mtaro, na mbavu zangu kukataa pumzi. Simu ilikuwa imeruka, nami sikuiona. Taa ya darini ilikuwa ingali ikiwaka, na chini yake kile kitufe.

Nilikibonyeza. Mimi niliyefundisha watoto wa watu miaka thelathini na minne kutoamini hirizi, nilikibonyeza mara tatu, nikangoja nijibiwe. Sauti iliyonijibu ni ile ile ya siku zote: motokaa ilipozimika na kuwaka tena kidogo, bibi yule akanidai kadi yake.

Walionitoa ni vijana wa bodaboda. Walikuwa wanne, wakashuka mtaroni kwa viatu vyao, mmoja akivunja kioo na mwingine akisema, “Mzee, usilale, zungumza nasi.” Hawakuwa na mkataba nami wala sikupata kuwalipa ada. Mmoja wao akanipa simu yake nimpigie mke wangu, na hapo nikaaibika kuliko nilivyoumia: sikuijua namba yake. Nimeishi naye miaka arobaini, na namba yake niliiachia simu initunzie. Nikaikumbuka namba moja tu, ya ndugu yangu wa Tabora, naye alikuwa amelala. Kwa hiyo ajali ilitukia saa nne za usiku, na mke wangu akapata habari saa nane.

Watoto waliponishauri baadaye kutia kifaa cha kufuatilia motokaa, nilikuwa na hoja zangu tayari. Nilisema sitaki kuchungwa kama mbuzi. Nilisema hao vijana wanne ni huduma bora kuliko kampuni yoyote. Mke wangu alininyamazia mpaka nimalize, kisha akasema, “Mwalimu, wewe ulikuwa unajua uko wapi. Mimi ndiye niliyekuwa sijui.”

Hoja ile sikuwa nimeiona, na mpaka leo sijapata ya kuishinda. Katika hesabu zangu zote nilikuwa nimempima dereva peke yake, kana kwamba safari ni ya dereva tu. Sikuwa nimeyapima yale masaa manne ya mtu akaaye kizingitini akiisikiliza kila injini ipitayo, akipiga simu iitayo chini ya kiti, ndani ya mtaro.

Basi tukaenda Gerezani, fundi akakificha kifaa nyuma ya dashibodi, akatia laini ya simu ndani yake, na wanangu wakaiweka motokaa yangu katika simu zao. Hainipasi kuficha kwamba mambo hayakuwa matamu yote. Juma la kwanza mwanangu aliye Mwanza aliniandikia: “Baba, umepita themanini.” Nilijibu kwa maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa. Siku nyingine nilijaribu mchana kweupe kuipigia kampuni yenye kifaa, kama mtu anayeomba msaada. Simu iliita sana, na aliyepokea akaniuliza niko mkoa gani. Nilidhani hilo ndilo jambo pekee ambalo tulikuwa tumemlipa alijue. Na mwaka wa pili laini ilikwisha salio, motokaa ikaonekana imeegeshwa nyumbani kwangu miezi miwili mfululizo, na huku mimi nazunguka nayo mjini. Ulinzi uliokufa kimya ni mbaya kuliko kukosa ulinzi, kwa sababu huwalaza usingizi wenye kungoja.

Liko na jambo la siri. Mwaka 2024 ilifichuliwa Marekani ya kuwa General Motors ilikuwa ikitoa habari za uendeshaji wa wateja wake, nazo zikafika kwa makampuni ya bima. Na Januari 2025 tume ya biashara ya nchi ile ikaikataza kwa muda kuzitoa habari hizo kwa mashirika ya kupima uaminifu wa wateja. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni vema kuwa nayo. Lakini fundi wa Gerezani hakunipa karatasi yoyote ya kutia saini, wala mimi sikuiuliza. Mahali nilipolala, msikiti niswalio, daktari nimwendeaye, vyote vimo katika mashine ya mtu nisiyemjua. Nalisema hili bila kelele, maana nilikubali mwenyewe. Ila napenda msomaji ajue kwamba bei haikuwa ile ya risiti tu.

Lakini kubwa kuliko yote ni nani ajaye. Tarehe 16 Novemba 2024 lilipoporomoka jengo la Kariakoo, waliokwama chini waliweza kuzungumza na watu wa juu. Sauti zilifika. Waokoaji wakapitisha hewa na maji penye upenyo, na wengi wakatolewa; na wengine, ambao sauti zao zilisikika, hawakuwahi. Tangu siku zile nimeacha kuamini kwamba kuita ndiyo shida yetu kubwa. Nitazameni kinyume chake huduma ya m-mama: mjamzito au jamaa yake hupiga 115 bila malipo, na pakikosekana gari la wagonjwa huitwa dereva wa jirani aliyeandikishwa na kulipwa kwa kazi hiyo. Teknolojia yake ni simu ya kawaida. Nguvu yake ni kwamba upande wa pili yupo mtu mwenye gari, na anajulikana jina. Laiti motokaa zetu zingeunganishwa na kitu cha namna hiyo, na wale vijana wa Kibada wakaandikishwa humo, ningelipa ada ya miaka kumi leo.

Kwa mabasi sina shaka kabisa. Chombo kinachoiwezesha LATRA kuona mwendo wa basi la abiria ni cha lazima, na dereva anayekichukia ana haki ya kuchukia. Abiria hamsini hawakuchagua mguu wake. Mabasi yaliporuhusiwa tena mwaka 2023 kusafiri usiku kucha, baada ya katazo lililodumu tangu miaka ya 1990, sikuona njia nyingine ya kuwachunga gizani. Ila motokaa ya mtu mmoja ni jambo jingine, na hapo kila nyumba na ijipimie. Yangu imekwisha kupima. Nalipa ada, nachunguza salio la laini kila mwisho wa mwezi, nimeiandika namba ya mke wangu kwenye karatasi iliyo katika shati, na nimeihifadhi moyoni pia, ingawa ilinichukua juma zima.

Kuna kasoro moja ambayo fundi hawezi kuitengeneza, nami sijamwomba. Ramani iliyo katika simu haijui pantoni. Niingiapo Feri na kusukumwa kwenda ng'ambo, alama ya motokaa yangu huonekana ikiiacha nchi kavu na kuelea katikati ya mkondo wa bahari. Mara ya kwanza mke wangu alipoiona alipiga simu akilia. Siku hizi hupiga pia, kila nivukapo, alfajiri na jioni.

“Uko majini?”

“Niko majini.”

“Haya,” husema, na kukata.