Shangazi na presha anayoisikia

Sisi wapenda fasihi tumegombana sana juu ya nadharia. Wengine husema zinaua riwaya, wengine hawawezi kusoma shairi bila kushika Umarx mkononi. Mimi mchana niko duka la dawa, usiku nasoma, na nadharia iliyonigusa kuliko zote sikuikuta kwenye uhakiki. Niliikuta kwenye presha.

Dodoso nyingi za matumizi ya dawa huuliza: unameza kila siku? Kama hapana, kwa nini? Mgonjwa anajibu "nilisahau", tunapiga asilimia, tunapendekeza elimu itolewe. Basi, ripoti imekwisha!

Mwaka 1985, Marekani, Meyer, Leventhal na Gutmann walichapisha utafiti ulioanzia mahali pengine. Nadharia yao ilisema kila mgonjwa ana picha yake ya ugonjwa: una dalili gani, umeletwa na nini, utakaa muda gani, utamfanya nini. Kwa hiyo waliuliza habari za hiyo picha. Wagonjwa wengi walikubali kwamba watu hawawezi kujua presha yao imepanda. Ila wao wenyewe, walisema, wanajua! Na wagonjwa wapya walioiona presha kama ugonjwa wa kupita ndio waliokuwa wepesi zaidi kuacha matibabu. Bila nadharia, nani angefikiria kuuliza swali hilo mara mbili, kuhusu watu na kuhusu wewe?

Nilipousoma nilimwona shangazi yangu mtupu. Ana amlodipine kabatini, humeza kichwa kikigonga. Mbele ya koti jeupe atasema amesahau, maana ndilo jibu la adabu. Mdogo wake alipata kiharusi, na hata yeye alikuwa "hajisikii vibaya".

Sisemi nadharia inatosha. Mwenye kukosa nauli ya kliniki hana haja ya kuulizwa picha ya ugonjwa wake, muulize nauli. Na dodoso likitafsiriwa kizembe, picha unayoipata ni ya mtafsiri.

Lakini nilimwuliza shangazi swali lile la Leventhal: unajuaje imepanda?

"Masikio huimba, mwanangu. Leo kimya."

Tukapima. 168 kwa 102. Akaitazama mashine kwa muda, akavuta kanga yake vizuri.

"Hiyo betri yake imekwisha."